Kibaba cha Kiboko

Hapo zamani za kale (we, acha kutafuna muwa, nasikia meno yako tu!) Kiboko alikuwa na shamba la mpunga kando ya mto. Kila asubuhi wanyama walijipanga langoni kuomba kibarua, naye akawashindanisha.

"Nani atalima kwa kibaba kimoja cha mchele kwa siku?"

"Mimi!"

"Nani kwa nusu?"

"Mimi," akasema Mama Digidigi.

"Na kwa robo?"

Mama Digidigi akainua mkono tena. Masikini! Angefanyaje, na mtoto nyumbani analia njaa?

Jirani yake Nguchiro hakuvumilia. Akaenda kwa Mfalme Simba. "Mfalme, tuwekee kima cha ujira."

"Aka!" Kiboko akadakia, kwani naye alikuwapo barazani. "Kazi ni hiari. Asiyetaka asije!"

Simba akapiga miayo. "Hiari ni hiari."

"Haya," akasema Nguchiro.

Mpunga ukaiva, mawingu meusi yakatanda. Nguchiro akapita nyumba kwa nyumba akinong'ona, "Kesho tujifiche kichakani."

"Na mwanangu ale nini?" akauliza Mama Digidigi.

"Atakunywa uji wangu, dada."

Kulipokucha, Kiboko akamkuta Nguchiro peke yake langoni.

"Wenzako wako wapi?"

"Kwa Nyati. Anatoa vibaba viwili."

"Viwili! Waambie natoa vitatu!"

Nguchiro mbio, chapu chapu, akaingia kichakani, akarudi anahema. "Nyati katoa vitano."

"Sita!"

Mbio tena. "Nyati kumi, na kitoweo juu!"

Gurum! Radi ikapiga. Kiboko akakimbilia kwa Simba, tumbo likiburuzika chini. "Mfalme, nisaidie! Weka kima! Hiari itaniua!"

"Kibaba kimoja kizima kwa siku," akaamua Simba. "Hakipungui, hakizidi, leo na siku zote."

"Asante, Mfalme! Asante sana!"

Wanyama wakatoka kichakani, wakavuna mvua haijashuka. Jioni ile mtoto wa Digidigi alikula mpaka akasinzia na tonge mkononi. Mama yake akamtazama, akalia kwa furaha.

Kiboko akamkuta Nyati mtoni. "Wewe na vibaba vyako kumi!"

"Vibaba gani? Mwaka huu sijalima hata tuta moja!"

Kiboko akaachama, na mpaka leo akitoka majini utamwona kaachama vilevile.

Basi wajukuu zangu, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwako mchungu.