Mtungi wa Bi Mkasi

Hii nimeletewa na mtu ambaye naye aliletewa. Imenikosesha raha tangu asubuhi, basi na iwakoseshe nanyi. Isome yote kabla hujampelekea mwenzako.

Palikuwa na kijiji chenye udongo mbaya kwa jembe na mzuri kwa chungu. Mahindi yakipandwa pale hutoka manjano na kufa kabla hayajafika magotini. Kwa hiyo wanawake wa kijiji hicho walikula kwa kufinyanga. Walijenga banda moja na tanuri moja, kila mtu akawa analeta udongo wake na kuni zake, na vyungu vya wote vikachomwa kwa moto mmoja.

Biashara yao ilikuwa ya kizamani na haikuwa na ubishi. Mtu wa mlimani akitaka chungu, hukijaza mahindi mpaka mdomoni, akayamimina kwenye kapu la mfinyanzi, kisha akaondoka na chungu chake. Chungu kikubwa, chakula kingi. Chungu kikivunjika, huna kitu.

Sasa, moto wa pamoja una hatari yake. Chungu kikiingia tanurini na ubichi, maji yaliyojificha ndani hugeuka mvuke, chungu kinapasuka kwa kishindo na kuvunja vya majirani. Ndiyo maana wanawake wale walikuwa na desturi ya shavu. Kabla ya kuchoma, kila chungu huwekwa kwenye shavu la mtu ambaye hakukifinyanga. Akisikia ubaridi, bado kina maji, kinabaki nje. Asiposikia ubaridi, kimekauka, kinaingia. Na sheria ya banda ilikuwa moja: atakayeingiza chungu kibichi kwenye moto wa wenzake atoke, asirudi tena.

Bandani humo alikuwemo mama mmoja, Siwema. Mume alikuwa amemwacha na watoto watatu, wa mwisho bado anatambaa. Siku ile alipoachwa, aliyempokea alikuwa Bi Mkasi, mkuu wa banda. Bi Mkasi ndiye aliyemwonyesha udongo unavyokanyagwa na ukuta wa chungu unavyoinuliwa kwa vidole. Siwema alikuwa akimwita mama, na hakuwa akimwita hivyo kwa adabu tu. Alimpenda kweli.

Mwaka huo mvua za masika zilianza kunukia mapema. Watu wa mlimani walikuwa wamevuna mahindi ya vuli, maghala yao yamejaa, na wafinyanzi walikuwa na moto mmoja tu uliobaki. Masika yakishaanza, kuni hulowa, udongo haukauki, na tanuri hukaa baridi mpaka mvua ziishe. Siwema alikuwa na vyungu vyake vyote vya kiangazi pale chini, vimepangwa ukutani. Nyumbani kapu lake lilikuwa limeonyesha kitako. Moto ule ukienda vizuri, watoto wangekula masika yote. Usipokwenda vizuri, hakujua wangekula nini.

Asubuhi ya kuchoma, Bi Mkasi alileta mtungi wake wa mwisho. Ulikuwa mkubwa kuliko mitungi yote iliyowahi kuonekana pale, kitako kinene, tumbo pana kiasi kwamba mtoto angeweza kujificha ndani. Kwa desturi mtungi wa mkuu hukaa chini, katikati ya tanuri, na vya wengine hupangwa kuuzunguka na juu yake.

"Siwema, mwanangu," akasema Bi Mkasi, "huu utauweka wewe shavuni."

Wanawake wote walikuwa wanatazama. Siwema akapiga magoti, akaegemeza shavu kwenye tumbo la mtungi. Akashuka mpaka kitakoni.

Ulikuwa baridi. Haukuwa ubaridi wa kubahatisha, ule wa kusema labda ni hewa ya asubuhi. Ulikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

Hapo ndipo moyo wa mtu unapoanza kumtafutia njia za pembeni. Siwema akawaza: huyu amefinyanga tangu mimi sijazaliwa, atakuwa hajui mtungi wake? Akawaza: nikisema mbele ya watu hawa wote, nitakuwa nimemvua nguo mama yangu. Akawaza tena: moto tutauanzisha polepole, utakauka humo humo. Na kila alichowaza kilikuwa na sura ya heshima.

"Vipi?" akauliza Bi Mkasi.

"Umekauka, mama."

Bi Mkasi akamtazama kitambo, kama anayetaka kuuliza tena. Kisha akasema, "Haya. Uingizeni."

Siwema akashika upande mmoja, na Zamoyoni, mwanamke mwenye mdomo mkali kuliko wote bandani, akashika upande wa pili. Wakautua katikati. Juu yake na pembeni yake wakapanga vyungu vya wote. Vya Siwema vilikaa karibu kabisa na mtungi ule, na yeye mwenyewe ndiye aliyevipanga.

Moto ukawashwa. Wakaanza na majani, wakaja na samadi kavu, kisha kuni nyembamba. Wanawake wakakaa kwenye kivuli cha banda wakitaniana, mmoja akisema mahindi yake ya mwaka huu atayapika na nazi hata jirani zake waibe harufu. Siwema alicheka nao. Macho yake hayakutoka tanurini.

Kabla jua halijafika kati, tanuri likapiga kishindo.

Kilikuwa kishindo kizito kutoka chini. Baada yake ikasikika sauti ya vyungu vinavyoporomoka, kimoja juu ya kingine. Moto wa tanuri ukishawaka haufunguliwi, kwa hiyo walikaa pale pale mpaka ulipojizima wenyewe, wakisikiliza vilivyobaki navyo vikipasuka.

Walipofukua, walikuta vigae. Vilipona vibakuli vichache vya kando, vya kutilia chumvi. Siwema alichimba majivu kwa mikono yake mpaka vidole vikaungua, akitafuta hata chungu chake kimoja. Alipata masikio tu na midomo. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, lakini na gae nalo hutaka kitu cha kuwekwa ndani.

Kisha, kama ilivyo kwetu binadamu, akatafutwa mwenye kosa.

Bandani alikuwemo Nyamizi, mjane aliyetoka bara na mtoto mgongoni, hata miaka miwili hajamaliza pale. Alikuwa akifinyanga kwa namna ya kwao, kuta nene kidogo, na watu walikuwa wakimcheka kwa hilo. Macho yakamgeukia yeye.

"Vyungu vyake vinene," akasema Zamoyoni. "Vinene havikauki."

"Lakini wewe ndiye uliyeviweka shavuni, dada Zamoyoni," akasema Nyamizi. "Ulisema vimekauka. Waambie."

Zamoyoni akatazama majivu. "Sikumbuki vizuri. Vilikuwa vingi."

Bi Mkasi alikuwa amekaa juu ya gogo, amechoka, uso umejaa vumbi. Akainua mkono, wote wakanyamaza.

"Kwanza tuanze na mimi," akasema. "Kishindo kilitoka chini, na chini palikuwa na mtungi wangu. Siwema, niambie mbele ya wenzako. Mtungi wangu ulikuwa mkavu?"

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi, ndugu yangu. Wazi kabisa. Lakini Siwema aliiona sheria ya banda imesimama mlangoni. Akisema kweli, anatoka yeye, na watoto watatu nyuma yake, na masika juu ya vichwa vyao.

"Ulikuwa mkavu, mama."

"Basi ni vya Nyamizi, navyo vilikuwa chini pia," akasema Bi Mkasi, na ilionekana wazi kwamba kusema hivyo kulimuuma. "Sheria hatukuitunga leo. Mwanangu Nyamizi, utusamehe. Toka."

Nyamizi hakuapa wala hakulaani. Alimfunga mtoto mgongoni, akawatazama mmoja mmoja, akisubiri labda mtu atasema neno. Tunapenda kusema mgeni njoo mwenyeji apone. Wenyeji wale waliinamisha vichwa.

Masika yakaanza wiki hiyo hiyo. Yalinyesha usiku na mchana, njia zikawa mito. Siwema alichemsha majani ya maboga bila chumvi, baadaye akachemsha mizizi ambayo bibi yake alikuwa akiitaja tu katika hadithi za njaa. Mtoto wa mwisho aliacha kutambaa. Hakuwa mgonjwa, alikosa nguvu tu, akawa anakaa pale alipowekwa. Kila nyumba ya mfinyanzi ilikuwa hivyo hivyo.

Siku moja akapita mtu kutoka ng'ambo ya bonde, akasema wamemkuta mwanamke na mtoto kwenye kivuko wakati maji yamejaa. Mtoto alikuwa mgongoni bado, amefungwa vizuri. Wamezikwa huko huko, kwa kuwa hakuna aliyewajua. Akauliza kama kijiji hiki kimepotelewa na mtu.

Siwema hakuweza kukaa tena. Alikwenda nyumba kwa nyumba, mvua ikimchapa, akawaita wanawake wote bandani. Wakaja, wamekonda, wamejifunika magunia. Bi Mkasi akaja akishikilia fimbo. Siwema akasimama katikati yao na kusema yote. Alisema ubaridi aliousikia shavuni, na uongo wa kwanza, na uongo wa pili. Mwishoni akasema, "Nimewaua kwa njaa. Nimemuua na Nyamizi. Nifanyeni mnavyotaka."

Alisubiri matusi. Alisubiri hata mawe, na naamini angefurahi kupigwa.

Mvua ilikuwa inapiga makuti, na wanawake walikuwa wanatazama miguu yao.

Mwishowe Zamoyoni akasema, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake, "Mimi nilijua. Tulipoubeba, ulikuwa mzito kupita kiasi, na kiganja changu kilitoka na unyevu. Nikasema, Siwema ameshapitisha, mimi ni nani?"

"Mimi niliugusa ulipokuwa unapita mlangoni," akasema mwingine. "Nilijua."

"Nami niliona kitako chake, rangi yake bado nyeusi kwa maji."

Ikawa hivyo mpaka mtu wa mwisho. Kila mmoja aliugusa, au aliuona, au aliunusa. Kila mmoja alimsubiri mwenzake aseme. Na walipomtoa Nyamizi, kila mmoja alijua kwamba Nyamizi hana kosa.

Siwema akageuka kumtazama Bi Mkasi. Mpaka hapo alikuwa akiamini kwamba mama yake huyo naye alijua, na kwamba kiburi ndicho kilichomfanya aingize mtungi mbichi.

Bi Mkasi alikuwa ameiweka fimbo chini. Alinyoosha mikono yake mbele, akawaonyesha vidole.

"Hivi vimekufa ganzi tangu kipupwe," akasema. "Naweza kuviweka kwenye kaa la moto nisisikie. Na shavu langu nalo ni hivyo hivyo. Sikuwaambieni, kwa sababu mkuu wa banda asiyesikia udongo atakuwa mkuu wa nini? Nikajiambia, mtungi huu mkubwa nitampa Siwema. Wengine wananiogopa. Siwema ni mwanangu, ataniambia."

Siwema akaanguka magotini. "Mama, nilikustahi. Sikutaka uaibike."

"Kumbe nyote mlijua," akasema Bi Mkasi. Hakuwa anamjibu Siwema. Alikuwa anazunguka na macho, uso kwa uso. "Banda zima mlijua. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui. Na mkaniacha nimtoe yule binti kwa mdomo wangu huu."

Mtu mmoja akaanza kulia. Bi Mkasi akatafuta fimbo yake kwa kupapasa, ikamchukua muda kuishika, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akaenda mpaka mlangoni. Sheria ilikuwa moja, na yeye ndiye aliyekuwa akiitaja kila mwaka.

Pale mlangoni akasimama, mvua mbele yake, mgongo kwao.

"Mngenivunjia heshima tu," akasema. "Mtungi mmoja ungebaki nje. Mimi ningeona aibu siku moja, na watoto wangekula."

Akatoka. Siwema alimfuata mpaka njiani akimwita, lakini bibi yule hakugeuka, na mvua ilikuwa kubwa. Siwema akarudi kwake, akamkuta yule mtoto wa mwisho amekaa pale pale alipomwacha.

Funzo: Mtu akikukabidhi kazi yake uipime, anakuomba ukweli asioweza kujipa mwenyewe. Ukimficha kwa jina la heshima, hujamheshimu, umemwacha peke yake, na watakaoumia ni pamoja na wale ambao hawakuwa na kosa. Usisubiri mwenzako aseme, kwa maana naye anakusubiri wewe.