Amina ya Mama Kanga

Paukwa!

"Pakawa!"

Wangeci, mbona umefumba macho? Fumbua, mjukuu wangu. Hadithi ya leo haisikilizwi macho yakiwa yamefumbwa.

Hapo zamani za kale, ndege walikuwa na kanisa lao. Kila ushirika ulichagua mzee wake, na kila mwaka wazee wote walikutana kilimani, kwenye Mkutano Mkuu. Msimamizi alikuwa Mzee Korongo: kipara, koti jeusi, mdomo mrefu. Naye mzee wa ushirika wa Bondeni alikuwa Mama Kanga. Bondeni walikuwa maskini, ila walikuwa na chemchemi.

Mwaka wa kwanza Mama Kanga alipanda kilima kwa miguu. Akamsikia Korongo akisema, "Chemchemi ya Bondeni itawafaa zaidi ndege wa Mlimani."

Kanga akasimama. "Mzee Msimamizi, sisi wenye maji hatujaulizwa!"

"Jambo zito hilo, mama. Tuombe."

Wote wakafumba macho. Korongo akaombea mvua, akaombea wagonjwa, akaombea hata mayai ambayo hayajatagwa. Katikati akachomeka, "Na tunakushukuru kwa chemchemi uliyowapa wa Mlimani." Kisha akapaza sauti, "Amina!"

Desturi yao ilikuwa hii: sala haifungwi, wala msimamizi haketi, mpaka mkutano uitikie.

"Amina!" wakaitikia. Kanga naye akaitikia, kwa mazoea.

"Limepita," akasema Korongo, akaketi.

"Huo ni wizi, Cucu!"

Wizi mtupu! Tena wizi uliovaa koti la ibada, ndio unaonikera zaidi. Kanga alirudi akakuta chemchemi imezungushiwa miiba. Vifaranga wakamkimbilia. "Mama, maji! Mama, maji!" Ulimi wake mwenyewe ulikuwa umesema amina.

Mwaka wa pili akapanda tena. "Turudishieni maji yetu!"

"Jambo zito, mama. Tuombe."

Safari hii Kanga aliacha jicho moja wazi. Akaona nini?

"Korongo hajafumba!"

Hajafumba hata kidogo! Macho kodo, anawakagua wenzake. Akaomba, akachomeka maneno yake, akapaza, "Amina!" Wakaitikia wote, isipokuwa Kanga.

"Mimi sikuitikia!" akapiga kelele.

"Kupinga amina ni kumpinga Mungu," akasema Korongo. "Keti!" Na wazee wazima, wenye mvi zao, wakamzomea mama wa watu.

Kiangazi hicho kifaranga wake mdogo kuliko wote akafa kwa kiu.

Hapa hata mimi huona uchungu.

Kanga alilia, halafu akapangusa macho, akaanza kuzunguka ushirika mmoja baada ya mwingine. Akamuuliza Njiwa, "Mtama wenu ulikwendaje?"

"Uliombewa, ukaenda."

Akamuuliza Kware, "Na kichaka chenu?"

"Hivyo hivyo, dada. Nami nilisema amina."

Kumbe kila mmoja alikuwa ameibiwa, na kila mmoja alidhani ni peke yake!

Mwaka wa tatu Kanga akasimama. "Maji yetu!"

"Tuombe," akasema Korongo. Akaomba, akachomeka, akapaza, "Amina!" Wakaitikiaje?

"Kimya!"

Kimya. Akarudia, "Amina?" Kimya. Akaanza sala upya, kwa kuwa hawezi kuketi. Jua likapanda, kipara kikachemka, sauti ikakwaruza. Akaomba mpaka koo likakauka.

"Jamani," akanong'ona, "nipeni maji kidogo."

"Maji yako Bondeni, Mzee," akasema Kanga. "Waombe wenyewe."

Korongo akainamisha ule mdomo. "Mama Kanga, naomba maji."

Mnadhani alimpa?

"Alimnyima!"

Hakumpa, hakumnyima. Alisema, "Ngoja nikawaulize watu wangu." Akashuka kilima taratibu, kwa miguu yake. Korongo akabaki amesimama juani, mdomo wazi, anangoja vifaranga wajadiliane. Jibu likapanda: aje mwenyewe aing'oe miiba, kisha anywe na wengine.

Akaja. Akaing'oa kwa mdomo wake, mwiba mmoja mmoja.

Tangu siku hiyo, neno la kilimani haliwi neno mpaka lishuke kwenye kila ushirika, lijadiliwe macho yakiwa wazi, ndipo liitikiwe. Kwa hiyo, watoto, mkubwa akiwaambia mfumbe macho, ulizeni kwanza kuna nini mbele yenu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Na msiniitikie kwa mazoea.