Amina Iliyokatika

Hapo zamani, si zamani ya majitu na sungura, ni zamani hii yetu ya juzi, kompyuta zilipokuwa bado na kichogo na intaneti ikiuzwa kwa nusu saa, palikuwa na kwaya katika parokia moja kule Mbinga. Ninyi mnaopokea nota kwenye simu mkiwa mmelala hamtaijua raha ile. Wimbo mpya ulikuja kwenye karatasi inayonukia wino, na waliuimba mpaka karatasi inachanika.

Mwalimu wao aliitwa Otmari Hyera, na alikuwa na sheria moja: kisichoandikwa hakiimbwi. Kwenye nota zao, kistari maana yake endelea kuishika sauti, na nafasi tupu maana yake nyamaza. Ukiimba penye nafasi tupu, Mwalimu alikutazama mpaka ukajuta kuzaliwa na koo. Wote walitii, isipokuwa Mama Kolumba wa sauti ya kwanza. Yeye aliimba amefumba macho, akagombezwa miaka yote, na miaka yote akaendelea kufumba.

Mwalimu alipofariki aliacha wimbo wa mwisho kwa mwandiko wa mkono. Winfrida Kapinga wa sauti ya pili, aliyempenda mzee yule kama baba mzazi, akasema atauchapa upendeze kwa ajili ya tamasha la jimbo. Alitumia programu ya bure ya kuchapa nota, ile inayotengenezwa na watu waliotawanyika duniani, ambayo yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani, kurekebisha palipoharibika na kuwarudishia wenzake. Akachapa, akagawa karatasi asubuhi ya tamasha. Kuhakiki hakuhakiki, aliiamini mashine.

Basi wakaimba. Amina ya mwisho ilikuwa ndefu, ikivuka kutoka mstari wa juu hadi wa chini. Kwenye karatasi ya Mwalimu, mstari wa chini ulianza na vistari. Kwenye karatasi ya Winfrida ulianza na nafasi tupu. Kwaya nzima ikanyamaza kwa pamoja, kwa utii uleule waliofundishwa. Ikabaki sauti ya Kolumba peke yake, macho amefumba, ameishika Amina mpaka mwisho.

Watu walicheka. Njia nzima ya kurudi, neno lilikuwa moja tu, kwamba Winfrida ameua wimbo wa marehemu. Lilimuuma sana, akaacha kwenda mazoezini.

Kolumba ndiye aliyemfuata nyumbani. "Mwanangu," akamwambia, "Amina ile Mwalimu aliniimbia kwa mdomo wake. Mimi sikukosea. Na wewe ninakujua, hukuandika vibaya. Kilichokosea ni kile kidude chenu." Asingeshika sauti Kolumba, nani angewaza kuishuku mashine? Lishikeni hilo.

Winfrida akarudi kwenye kompyuta. Akauandika wimbo upya, akaukata, akaurefusha, mpaka akaubaini ugonjwa: kila sauti inayoshikwa ikivuka mstari, programu inadondosha vistari. Akawaandikia wenye programu kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. Kimya. Akaandika tena, safari hii akiweka picha ya karatasi ya Mwalimu kando ya ile ya mashine. Msimamizi wao, mama mmoja wa Bolivia, akajibu kwamba sasa wameelewa, ila kwao hakuna azijuaye nota hizo za vistari. Winfrida na wenzake wakiweza, wairekebishe programu wenyewe. Lishikeni na hilo.

Fundi wa kafe ya intaneti alikochapia Winfrida, Gotfrid Ndunguru, mwanzoni alicheka. Akauliza ni nani atakayepekua programu nzima kwa ajili ya kistari. Kisha akaanza kupekua yeye mwenyewe. Marekebisho yake ya kwanza yalirudishwa na wenye programu, maana vistari vilitokea lakini maneno ya wimbo yakahama. Akarudia, yakarudishwa tena kwa upole, akarudia tena. Winfrida alileta mihogo na chai ya rangi, akasoma nota kwenye skrini na kuziimba, na Kolumba akiwa nyuma yao amefumba macho akasema, "Bado." Wiki nzima ni bado, bado. Winfrida anazikumbuka siku zile kuliko anavyoikumbuka harusi yake. Mpaka siku moja Kolumba hakusema kitu, alijiunga tu kuimba. Hilo nalo lishikeni.

Jibu likaja kwenye barua pepe ya Winfrida. Kazi imekubaliwa. Na kwa desturi ya mradi ule, anayechangia kwa mara ya kwanza huheshimiwa kwa toleo jipya kuitwa jina lake. Watume jina, na liwe moja.

Gotfrid alisema waziwazi. "Dada Winfrida, mimi sina cheti, na huko Dar wanauliza cheti. Jina hilo ndilo cheti changu. Mistari ile ya programu niliandika mimi."

Kolumba alikataa kusema, akabembelezwa. "Maisha yangu yote nimeambiwa ninaharibu kwa kuwa siangalii karatasi," akasema. "Ningependa mara moja tu karatasi iniangalie mimi."

Winfrida alikuwa na lake, na hakulitoa mdomoni. Jina lililopakwa matope mbele ya jimbo zima lilikuwa la kwake. Alitaka watu waliolichafua waje walione limeandikwa safi, na aliona aibu kulitaka mbele ya hawa wawili.

Nusu saa ya intaneti ilikuwa inakwisha. Akaandika jina moja, akatuma.

Kafe ile leo ni duka la vipodozi. Gotfrid yuko Dar. Kolumba sauti imekauka, anakaa benchi la nyuma. Winfrida ndiye mwalimu wa kwaya, na akifungua orodha ya matoleo ya zamani, jina lile bado lipo. Huliangalia kwa muda, akatamani wale wawili wangekuwa pembeni yake, na hajawahi kuwa na hakika kama alitenda haki.

Jina lenyewe halitajwi hapa mpaka ninyi mseme kwanza. Yuko aliyeshika sauti, yuko aliyeuona ugonjwa, yuko aliyeutibu. Mngekaa kwenye kiti kile cha Winfrida, mngeandika jina la nani?