Kiazi cha Ua la Salamu

Hapo zamani, kwenye nyanda za juu ambako maji huganda mtungini na ng'ombe hupumua moshi, watu walizika wafu wao pamoja na kiazi cha ua moja la zambarau, dogo kama kidole gumba. Kila mvua zikikolea, ua lilichanua siku tisa. Siku hizo tisa ndugu waliketi kaburini wakampa marehemu habari za mwaka: nani kazaliwa, nani kaoa, ng'ombe yupi kafa. Ua likinyauka, mlango umefungwa. Mwenye neno lililosalia atangoja mvua nyingine.

Subilaga alikuwa na maneno ya miaka saba. Ua la mama yake halikuchanua tangu alipolizungushia kaburi wigo wa miiba, kwato zisimkanyage mama. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Kila mwaka alifika na habari zake, akakuta nyasi zimefika kiunoni, akarudi na habari zile zile. Alizaa, hakusema. Mtoto akapewa jina la mama, hakusema. Tena yeye na mama yake walikuwa wameachana kwa ugomvi, kwa ajili ya chungu kilichovunjika, na hilo ndilo hasa alilotaka kulisema.

Mwisho akaapa mbele ya majirani: "Atakayemfanya mama achanue, kiazi cha pili kikizaliwa ni chake." Kwani kiazi cha ua lile hufa kila mwaka na kuacha kingine kimoja mahali pake. Mwaka mwema sana, viwili.

Akaja Ambilikile, mchunga ng'ombe, mgane. Akautazama wigo, akacheka.

"Dada, umemfungia mama yako msituni. Vunja."

"Ng'ombe watamkanyaga!"

"Watamkanyaga kidogo. Nyasi zinamnyonga kabisa."

Subilaga akauvunja wigo. Ng'ombe wakala kutwa nzima. Siku ya pili akapita Gwantwa, mfinyanzi, akakuta limebaki shungi moja tu la nyasi upande wa kichwani. Akasimama mbele ya shungi na fimbo.

"Hili haliliwi."

"Mama, nyasi ndizo adui," alisema Ambilikile.

"Adui yako wewe, unayelala karibu na moto. Sakitu ikishuka usiku na umande ukaganda, mche uliouvua nguo utaufunika kwa kitu gani? Kwa kofia yako?"

"Kofia yangu ina matundu."

"Kama maneno yako. Ondoa ng'ombe."

Shungi likabaki.

Mvua za kwanza ziliponyesha, jani moja likachomoza pembeni mwa shungi. Lilikuwa la njano kama jino la mvuta tumbaku. Wiki ikapita, ya pili ikapita, halikui. Subilaga alilipima kwa kijiti kila asubuhi, na kila asubuhi kijiti kilimwambia lile lile.

Ndipo akaja Nsekela, bibi harusi aliyeolewa kutoka ng'ambo ya milima, mwendo wa siku moja. "Kwetu tulifundishwa kwamba ua hili halili peke yake," alisema. "Udongoni mna nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko utando wa buibui. Hizo ndizo zinazolilisha. Hapa sizioni."

Akaenda kwao, akarudi na chungu kichwani, kimejaa udongo wa huko. Majirani wakamcheka: "Wenzio wakitoka kwao huja na maharage, wewe waja na udongo!" Nsekela akakitua chungu. Aliumimina taratibu kulizunguka jani. Siku ya kumi na mbili jani likawa kijani.

Kisha sakitu ya kuchelewa ikashuka. Asubuhi nyanda zote zilikuwa nyeupe, na kila chipukizi lililosimama wazi lilikuwa jeusi kama limechemshwa. Subilaga alikimbia peku. Shungi la nyasi lilikuwa limeinama, zito kwa barafu, na chini yake jani lilikuwa zima.

Ua likachanua. Siku tisa Subilaga alisema. La chungu kilichovunjika alilibakiza hadi siku ya tisa, na alipomaliza ua lilikuwa limeanza kujikunja. Hakujua kama maneno yalifika yote.

Jani lilipokauka, akafukua. Kiazi cha zamani kilikuwa kimenywea, na kando yake vipya viwili, kila kimoja kama yai la shomoro. Kimoja akakirudisha kwa mama yake. Cha pili akakifunga kwa majani mabichi. Kiazi hicho hakigawanyiki, kwa maana kikikatwa huoza, na kikikaa siku tatu nje ya udongo hufa.

Wakaja wote watatu.

Ambilikile akasema: "Kabla yangu hapakuwa na jani. Mke wangu amelala kilima cha pili, na kiazi chake kilioza kabla ya kuchanua. Nilikuwa malishoni alipokata roho. Sijapata kumwambia kwamba nilirudi mbio."

Gwantwa akasema: "Ng'ombe wake wangekula mpaka mizizi, na kazi yenu nyote ingekuwa nyeusi asubuhi ile. Kaka yangu alikwenda pwani na msafara wa pembe za ndovu, hakurudi. Sina kaburi lake. Nina jiwe tu, alilokuwa akilikalia, akila asali na kuninyima. Nitakipanda hapo."

"Mama, asiye na kaburi atasikiaje?" aliuliza Ambilikile.

"Mwanangu, wewe nawe ulijuaje kwamba ng'ombe wangefaa? Ulijaribu."

Nsekela akasema kwa sauti ndogo: "Bila udongo wangu lile jani lingebaki njano hadi likafa. Mwaka wa njaa kwetu tulichimba viazi vyote vya makaburini, tukala. Nilikuwa na miaka sita. Cha baba yangu nilikila mimi, nikaishi, na sijapata kumwambia. Udongo wa kaburi lake ndio niliompa mama yako."

Subilaga aliwatazama mmoja mmoja. Neno lisilosemwa alilijua uzito wake, na yeyote atakayempa, wawili watarudi nyumbani na maneno yao vinywani.

Haya, ninyi mnaosikiliza: leo ni siku ya tatu tangu kiazi kifukuliwe, jua limeegemea mlima, na Subilaga ameufungua mkono. Yuko aliyeondoa nyasi, yuko aliyeziacha nyasi, yuko aliyeleta udongo. Je, mngekiweka katika kiganja cha nani?