Mama Yuko Ukurasa wa Ngapi?

Isome hii mpaka mwisho kabla ya kuisambaza. Waliosambaza bila kusoma ndio walioipeleka kwenye kundi la wafugaji wa kuku, na huko imezua maswali.

Katika mji mmoja mdogo wa reli alikuwepo kijana aitwaye Shija. Alilelewa na bibi yake mzaa mama, Bibi Nyamizi, tangu mama yake alipofariki, yeye akiwa bado anatambaa. Hakuwa na shamba wala duka. Alikuwa na mdomo. Alikuwa rapa, na jina lake la kazi lilikuwa Behewa, kwa sababu, alivyodai mwenyewe, alibeba mistari mizito.

Baada ya miaka ya kuchana mistari kwenye harusi za watu na mikutano ya wagombea ambao hawakushinda, Shija akatangaza kwamba anatoa albamu yake ya kwanza.

Mji ukasimama. Ulikuwa na kituo cha treni, soko, na timu ya mpira iliyoshuka daraja, lakini haukuwahi kuwa na mtu mwenye albamu. Kinyozi akawa hamalizi kichwa bila kuuliza, "Albamu lini?" Wauza mitumba wakaulizana, "Albamu lini?" Wasichana waliokuwa hawamsalimii Shija wakaanza kumsalimia, tena kwa jina la kazi.

Lakini hakuna aliyeuliza kuliko Bibi Nyamizi.

"Mume wangu," alimwambia, maana bibi na mjukuu wa kiume huko kwao ndivyo wanavyotaniana, "hiyo albamu inatoka lini?"

"Jumamosi, bibi."

"Nitafika na meno hadi Jumamosi?"

"Utafika, na hayo mawili yote."

Shija alijivuna sana. Alipohojiwa na redio ya pale mjini alisema, "Shabiki wangu namba moja ni bibi yangu. Bibi yangu anaelewa sanaa." Mtangazaji akasema huyo ni bibi wa kisasa.

Hapa inabidi niwaeleze jambo waliozaliwa juzi. Zamani albamu haikuwa nyimbo. Albamu ilikuwa kile kitabu kinene cha picha, chenye karatasi za nailoni zinazonata, kinacholala kwenye meza ya sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma. Mgeni akifika anapewa soda na albamu, aangalie ukoo mzima huku wali ukiendelea kuiva. Huyu mjomba, huyu shangazi, huyu ni mimi nilipokuwa na kiuno. Wali ukichelewa, anaanza upya ukurasa wa kwanza.

Bibi Nyamizi aliijua albamu ya aina hiyo tu.

Na alikuwa na sababu ya kuingoja. Binti yake Kalunde, mama yake Shija, alipigwa picha moja tu ya maana maishani mwake. Baada ya msiba alipita mpiga picha wa kutembeza, akasema ataichukua akaikuze, aitie rangi na fremu. Akaichukua. Tangu siku hiyo mpiga picha yule anaendelea kuikuza, huko aliko.

Sasa bibi aliposikia mjukuu wake anatoa albamu, alijua Shija ameipata ile picha. Vijana wa siku hizi wanapata kila kitu kwenye simu, ashindwe kumpata mama yake?

Aliyekoleza imani hiyo ni serikali.

Ili uzinduzi ufanyike kwenye ukumbi wa zamani wa reli, kilihitajika kibali cha Afisa Utamaduni, Bwana Lugembe. Bwana Lugembe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu. Kwanza alihoji hilo jina la Behewa, kwa kuwa behewa ni mali ya umma. Kisha akasoma tangazo lililosema "albamu ya moto" na kulikata kwa kalamu nyekundu.

"Ukumbi hauna mtungi wa kuzimia moto," alisema. "Siwezi kuidhinisha moto."

"Afisa, ni lugha tu ya vijana."

"Na mimi nazuia moto wa lugha. Andika: albamu yenye picha halisi ya maisha yetu."

Kwa hiyo gari la matangazo likazunguka mji mzima na spika juu: "Albamu ya kwanza ya kijana wetu! Albamu yenye picha halisi!"

Bibi Nyamizi alilisikia akiwa anachambua mchele. Akaacha mchele. Akafua vitambaa vyote vya kufuma, akavianika. Akawaita wanawake wenzake wa kikundi cha ufumaji akawaambia, "Jumamosi mtamwona Kalunde wangu."

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Sura ya binti yake ilikuwa inamtoroka. Miaka ya mwanzo akifumba macho alimwona wazi kabisa. Siku hizi akifumba macho aliona kanga, aliona mkono, aliona mtu amegeuka upande. Uso haugeuki. Alikuwa anaogopa kufa akiwa hamkumbuki mtoto wake mwenyewe.

Alhamisi mchana, albamu imekwisha rekodiwa na kupigwa muhuri, Shija alikuwa nyumbani anakula. Pembeni yake alikuwepo Doto, rafiki yake na ndiye prodyuza, mtu aliyetengeneza biti zote, ile midundo ya nyimbo, ndani ya chumba alichokibandika trei za mayai ukutani. Bibi akaleta mboga, akakaa, akauliza taratibu:

"Mume wangu, mama yako umemweka ukurasa wa ngapi?"

Shija akatafuna. Akadhani ni mzaha. Akamtazama bibi usoni, akaona siyo mzaha. Akaangalia nje, akaona vitambaa kwenye kamba. Akarudisha tonge sahanini.

"Ukurasa?" akauliza.

"Ndiyo. Nijue nifungue wapi. Nisije nikaanza kuangaliaangalia marafiki zako."

Doto akasimama ghafla akasema anakwenda kunawa, ingawa bakuli la kunawia lilikuwa mbele yake. Shija akamfuata uani.

"Mwambie tu," Doto akanong'ona. "Mwambie, bibi, hizi ni nyimbo, hazina kurasa."

"Nikimwambia nitakuwa nimemnyang'anya mtoto mara ya pili."

"Basi mpe jalada. Jalada lina picha."

"Picha yangu, nimevaa miwani!"

"Una wimbo gani wa mama yako humo?"

Albamu ilikuwa na wimbo wa kujisifu, wimbo wa kujisifu kwa sauti ya chini, wimbo wa mapenzi, na wimbo wa kuwaonya maadui ambao alikuwa bado hajawapata. Wa mama haukuwepo. Alipokuwa mdogo aliwahi kumuuliza bibi mama alikuwaje, na bibi akainuka bila kujibu, akatoka nje, hakurudi mpaka giza lilipoanza kuingia. Kuanzia hapo Shija alijifunza kutouliza. Mtu aliyeweza kuchana juu ya jambo lolote alikuwa na jambo moja lisilo na mstari.

Akarudi ndani. Angeweza kusema "ukurasa wa tatu" na kutafuta uongo mwingine Jumamosi. Angeweza kusema "umekosea, bibi." Akakaa sakafuni karibu na miguu yake, na mdomo wake uliozoea mbio ukatoa maneno polepole.

"Bibi, sina picha ya mama. Sijui hata nimuweke vipi. Nisaidie. Alikuwaje?"

Bibi akatazama mikono yake. Doto, aliyekuwa mlangoni, akaanza kujuta kuzaliwa. Lakini safari hii bibi hakuinuka.

"Alikuwa na mwanya," akasema. "Wa juu. Akicheka anauziba na kiganja, halafu kicheko kinatokea puani."

"Enhe?"

"Hakuwahi kumaliza kichekesho, huyo. Anaanza kucheka kabla hajafika penye kuchekesha, na sisi tunacheka, hatujui tunacheka nini. Hapa kwenye nyusi alikuwa na kovu, alidonolewa na jogoo. Jogoo tulimla. Alikataa kumla, akasema walishasameheana."

Doto akatoa simu mfukoni. "Bibi, naomba nirekodi."

"Rekodi, baba. Kwani ninasema matusi?"

Akaendelea. Akasema Kalunde alitembea kama aliyechelewa hata pale asipokuwa na pa kwenda. Akasema alikuwa na matundu mawili kwenye sikio moja kwa sababu la kwanza lilitobolewa kombo. Akasema usiku aliozaliwa Shija, Kalunde alimtazama mtoto kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mama, mbona ana sura ya mtu anayetaka kujibu?"

Shija alicheka hapo. Akacheka kisha akalia, na bibi akamwacha alie, akaendelea kusimulia.

Ijumaa asubuhi Shija na Doto walirudi kwa Bwana Lugembe na wimbo mmoja wa ziada, ambao haukuwa wimbo. Ilikuwa sauti ya bibi peke yake, bila biti.

"Hili ni ongezeko la maudhui," Bwana Lugembe akasema. "Huyu mama ni msanii aliyesajiliwa?"

"Ni bibi yangu, Afisa."

"Hilo silo nililouliza."

Hata hivyo akavaa spika za masikioni, kwa kuwa utaratibu unasema maudhui yasikilizwe. Akasikiliza yote. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Huo mwanya," akauliza, "alisema wa juu?"

"Wa juu."

Akagonga muhuri. Penye "aina ya muziki" akaandika: mazungumzo ya kifamilia.

Jumamosi ukumbi ukajaa. Vijana walikuja wamejiandaa kuruka, na wanawake wa kikundi cha ufumaji wakakaa mstari wa mbele na soda zao. Shija akapanda jukwaani. Badala ya kuchana akasema, "Wa kwanza kwenye albamu hii ni mama yangu," akashuka.

Sauti ya Bibi Nyamizi ikajaa ukumbi. Kijana mmoja nyuma akapiga kelele, "Biti iko wapi?" Mama yake, ambaye hakujua kama mwanawe yupo humo, akamjibu kutoka mbele: "Kaa chini, Ngeleja!" Hakukuwa na kelele nyingine. Ilipofika kwa jogoo, watu wazima walicheka na kulia kwa pamoja, na walioonekana kulia zaidi ni wale waliokuja kuruka.

Baada ya hapo zikapigwa nyimbo za kujisifu, watu wakaruka, kila mtu akapata alichofuata.

Mwishoni, ukumbi ukiwa umeanza kupungua, Bwana Lugembe akaja kumpa Bibi Nyamizi mkono. Shija alikuwa amesimama hapohapo.

"Hongera, mama," akasema kwa sauti ya ofisini. "Sasa umejionea. Ni kama nilivyokufafanulia Jumatano nilipokuja kukagua makazi ya msanii: kwa mujibu wa mwongozo, albamu ni mkusanyiko wa nyimbo, na haihusiani na vitabu vya picha."

Shija akageuka.

"Jumatano?"

"Jumatano," akasema Bwana Lugembe. "Nilimweleza kwa kirefu."

"Kwa kirefu sana," akasema bibi.

Bwana Lugembe akasogea kwenda kuhesabu viti. Shija akamtazama bibi yake.

"Bibi. Uliniuliza ukurasa siku ya Alhamisi."

"Eeh."

"Kumbe ulikuwa unajua haina kurasa."

"Nilikuwa mjinga mpaka Jumatano, mume wangu. Jumatano nililia kidogo, nikaanua vitambaa. Halafu nikavianika tena, nikapika mboga."

"Kwa nini?"

"Uliniuliza ukiwa mdogo, nikakukimbia. Ulikuwa na macho yake, ndiyo maana. Nilipokuwa tayari kukujibu, wewe ulikuwa umeacha kuuliza. Nikangoja. Ukakua, ukapata ndevu, unaongea na mji mzima, na mimi nangoja. Kuanza mwenyewe nilishindwa. Nikasema, nikijifanya mjinga labda atanionea huruma, atauliza."

"Mimi nilinyamaza nisije nikakutoa machozi, bibi."

"Na mimi nilinyamaza nisikulize wewe. Tazama tulivyokuwa werevu."

Akafumba macho kidogo, akatabasamu.

"Kalunde amegeuka," akasema. "Nilipokuwa nasema habari za mwanya, akageuka. Nimemwona uso wote."

Wahudumu walikuwa wanapanga viti. Muda wa kibali ulikuwa umekwisha, na Bwana Lugembe alikuwa mlangoni na ufunguo. Aliwatazama wale wawili, akatazama saa, kisha akavuta kiti akakaa, akajifanya anasoma kibali.

Shija akaketi chini, mbele ya bibi yake.

"Haya," akasema. "Na sauti yake? Alikuwa anaimba?"

"Vibaya mno," akasema bibi, na akakohoa kusafisha koo, kama mtu anayejiandaa kuonyesha.

Funzo: Mara nyingi tunanyamaza ili tusimlize tunayempenda, kumbe naye ananyamaza kwa ajili yetu, na kati yetu anapotea mtu ambaye sote wawili tunamkumbuka. Kama nyumbani kwenu yupo anayejua habari za aliyeondoka, muulize leo, naye bado anakumbuka.