Moyo Aliousikia Tusekile

Mtu mmoja alikuwa na binti aliyesomea ukunga, jina lake Tusekile. Masomo yalikuwa yanaelekea ukingoni. Usaili wa kazi katika hospitali ya wilaya ulikuwa kesho yake asubuhi, na nafasi ilikuwa moja tu. Kule nyumbani baba alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba binti yake ni mtumishi wa serikali. Mzee huyo alinawa mikono kabla ugali haujasongwa.

Tusekile alijiandaa, na kwa hilo simlaumu. Alikariri majibu akifua, akipanga foleni ya chakula, hata akiwa zamu. Wenzake walijifanya wasaili, wakaketi nyuma ya meza na kukunja nyuso. Walipomuuliza mkunga bora ni yupi, alijibu kwamba ni yule anayetanguliza sikio kabla ya mkono. Walipomuuliza udhaifu wake, alijibu kwamba anapenda kazi kupita kiasi. Jibu hilo la pili mnalijua, na wengine wenu mmelitumia.

Mchana huo alikuwa katika zamu yake ya mwisho, wodi ya wazazi. Alikabidhiwa mama mmoja aliyeshikwa na uchungu, Atupele, ambaye alikuwa amezaa mara mbili na kuzika mara moja. Atupele alimweleza kwamba mtoto amepunguza kucheza tangu asubuhi. Binti akachukua fetoskopu, kile chombo cha umbo la tarumbeta ambacho mkunga hukisimamisha juu ya tumbo na kukiegemezea sikio. Akainama. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza, maana alikuwa akimjibu msaili ambaye hakuwepo. Akasikia moyo unadunda upesi, kama unavyotakiwa kudunda moyo wa mtoto, akafurahi. Akamwambia mama kwamba mtoto yu salama, apumzike, kisha akageuka aende zake.

Atupele akamshika mkono. Hakupaza sauti.

"Mwanangu, nimeuona mshipa wa shingo yako unavyopiga. Huo moyo uliousikia ni wa nani?"

Tusekile alitaka kukasirika. Mwanafunzi akiulizwa hivyo na mgonjwa huona kama amevuliwa nguo hadharani. Lakini kulikuwa na hofu katika macho ya yule mama, hofu ya mtu aliyekwisha kuzika, nayo ikamrudisha. Akaweka vidole shingoni mwake, akainama tena. Kila pigo la sikioni lilikuja pamoja na pigo la shingoni. Walimu walikuwa wamewaonya: ukiwa na wasiwasi na ukakandamiza mno, utasikia damu yako mwenyewe. Ulikuwa moyo wake, unaukimbilia usaili.

Akalegeza sikio, akahamisha fetoskopu taratibu, akatafuta upande huu na upande ule, na wakati huo hakukumbuka jibu hata moja kati ya yale aliyokariri. Akaukuta chini kabisa, karibu na nyonga. Ulikuwa ukipiga polepole na kukawia, kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani. Akamwita sista wa zamu, na sista naye aliposikiliza akaagiza machela. Atupele akasukumwa kwenda chumba cha upasuaji akiwa bado ameshikilia mkono wa binti, mpaka mlangoni walipotenganishwa.

Kesho yake wasaili walimuuliza Tusekile udhaifu wake. Jibu lilikuwa tayari ulimini, limeshapigwa pasi. Akaliacha. Akawaeleza kwamba jana aliusikia moyo wake akauita wa mtoto, na kwamba mama asingemshika mkono, yeye angeondoka na furaha yake. Wasaili wakatazamana, wakaandika, wakamshukuru, akatoka.

Ndugu zangu, mfano huu nimewasimulia wazee wa kanisa, nimewasimulia walimu, nimewasimulia wenyeviti wa mitaa, watu wote ambao kazi yao ni kuinamisha sikio kwa wengine. Kila mara, watu wakishatawanyika, mmoja hunifuata mlangoni kuniuliza kama Tusekile alipata ile kazi. Alipata, kwa hiyo mnaweza kutulia. Habari za mtoto wa Atupele sijaulizwa na mtu hadi leo, na kila mara narudi nyumbani na jibu lake. Je, kati yenu yupo atakayeniuliza?