Jiwe la Kakakuona

Paukwa!

Pakawa!

Ninyi wakubwa mlioko nyuma, nanyi itikieni. Hadithi hii si ya watoto peke yao. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema, palikuwa na bonde kavu. Katika bonde hilo palikuwa na dimbwi la maji. Moja tu. Na wanyama wa bonde lile walikuwa wacha Mungu hasa, si mchezo.

Kila asubuhi Digidigi alipanda kichuguu akaita, "Zwii! Zwii! Njooni tumwinamie Muumba!" Wanyama wakaja. Wakubwa tipwa, tipwa. Wadogo tepe, tepe. Wakaimba:

Inama, inama,
paji chini, vumbi juu,
Muumba anaona.

Wakiisha kuinama, wakaenda kunywa. Njiani alisimama Ngiri, akikagua mapaji. Una vumbi? Pita. Huna vumbi? Rudi ukainame. Na Ngiri mwenyewe alikuwa na sugu magotini. "Tazameni! Hizi ni za ibada!" Kumbe ni za kula majani, maana ngiri akila hupiga magoti. Lakini nani angemwambia?

Basi, alikuwako Kakakuona, mpole, mwenye magamba mwili mzima. Wenzake wakiinamisha paji, yeye alijikunja. Kru, kru, kru! Kichwa tumboni, mkia juu ya kichwa, akawa duara kama chungu.

"Lo!" akasema Ngiri. "Sisi tunainamisha paji, mwenzetu anainamisha mwili mzima! Huyu ndiye anayemjua Muumba. Anywe wa kwanza!"

Akanywa wa kwanza. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akina mama wakamletea watoto wamguse magamba, wapate baraka.

Siku moja Kakakuona akamwendea jirani yake Digidigi.

"Dada, nikuambie neno?"

"Niambie, kaka."

"Mimi sisujudu."

"Unasemaje?"

"Nikijikunja, naogopa. Kelele zikizidi naogopa, najikunja. Ndivyo nilivyozaliwa. Huyo Muumba wenu nimemtafuta moyoni, sikumwona. Simchukii, dada. Simwoni tu."

Masikio ya Digidigi yakasimama wima. "Nyamaza wewe! Nani mwingine anajua?"

"Popo na Nungunungu. Nao ni kama mimi. Tunakutana pangoni, tunanong'ona kama wezi. Tumechoka. Kesho tutamwomba Ngiri jiwe moja kando ya dimbwi. Ninyi mkiinama, sisi tukae juu yake, mtuone, mtujue. Kisha tunywe kama wengine."

"Si uendelee kujikunja tu? Unakunywa wa kwanza, unataka nini tena?"

Kakakuona akatazama chini. "Jana mama Swala kaniletea mwanawe mgonjwa. Akalia mbele yangu. Mimi kwa aibu nikajikunja. Akanishukuru, dada! Alidhani namwombea."

Digidigi akamsogelea. Alimcha Muumba kweli, na jirani yake alimpenda kweli.

"Kesho utanisemea?"

"Naapa kwa Muumba, nitakusemea."

Kesho yake Digidigi akaita. Zwii! Zwii! Wakaja, wakaimba, wakainama. Kakakuona hakujikunja. Alisimama katikati yao, magamba yakimtetemeka, chaka chaka chaka. Akasema yote. Kuogopa kwake akakusema. Jiwe akaliomba.

Bonde likalipuka.

"Miaka yote anatunywea maji mwongo huyu!"

"Ndiyo maana mvua hainyeshi!"

"Wanangu wamemshika! Wanangu!"

Ngiri akapiga kwato chini. "Una wenzako?"

"Ninao. Popo yupo. Nungunungu yupo."

"Mimi?" akasema Popo. "Mimi nilikuwa nimelala. Tena mimi naning'inia kichwa chini kutwa kucha. Nani kati yenu anainama kunishinda?"

Wanyama wakacheka. Nungunungu yeye alikuwa anajipaka vumbi la pili juu ya lile la kwanza.

"Yupo wa kumsemea huyu?" akauliza Ngiri.

Kakakuona akamtazama Digidigi. Digidigi akafungua mdomo. Akaona macho ya wanyama wote. Akafumba mdomo, akatazama kwato zake.

"Jikunje basi mara moja tu yaishe," akasema mama Swala, na sauti yake ilikuwa ya huruma. "Jikunje, tusahau."

"Nikijikunja mtasema nimeinama," akajibu Kakakuona.

"Basi hunywi," akasema Ngiri. "Siku utakayoinama, ndiyo siku utakayokunywa."

Kakakuona akaondoka. Tepe, tepe, akapanda njia ya mawe, jua kali, midomo mikavu. Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili ikapita.

Siku ya tatu Digidigi akashindwa kula. Akaenda dimbwini, akainama, akajaza maji mdomoni. Hakuwa na chombo kingine. Akafunga midomo, akapanda njia ya mawe mbiombio, mashavu yamevimba.

Njiani, huyo Ngiri!

"Unakwenda wapi, bibi mwitaji?"

Digidigi kimya.

"Nakuuliza. Unakwenda wapi? Au na wewe umekuwa mmoja wao?"

Gluk! Digidigi akameza maji yote.

"Natembea tu, mzee," akasema.

"Haya, tutembee pamoja."

Wakapanda. Walipofika juu wakamwona. Kakakuona alikuwa amelala njiani, kichwa tumboni, mkia juu ya kichwa, duara kama chungu.

"Kaka," akaita Digidigi. "Kaka, ni mimi." Akamsukuma kwa pua. Magamba yalikuwa na moto wa jua, lakini ndani yake hakukuwa na pumzi.

Ngiri akapiga magoti. "Ameinama! Ameinama mwenyewe, peke yake, bila kuitwa! Ametubu! Waite wote!"

Wakaja. Tipwa, tipwa. Tepe, tepe. Wakalia kwa furaha. Mama Swala akalia kuliko wote. Wakavingirisha jiwe kubwa, buru buru buru, wakamwekea juu yake pale pale, likawa kaburi. Digidigi akaambiwa, "Wewe ndiwe jirani yake. Kuanzia leo utaitia hapa, juu ya jiwe la aliyetubu."

Digidigi alijua kuwa mwenzake aliogopa tu. Alikuwa na mdomo, na safari hii haukuwa na maji. Akapanda juu ya jiwe.

Kakakuona aliomba jiwe ili aonekane alivyo. Amelipata, na hakuna anayemwona. Kila asubuhi akina mama wanagusisha watoto wao pale wapate baraka. Popo yupo. Nungunungu yupo, vumbi mpaka puani. Na wimbo ni ule ule:

Inama, inama,
paji chini, vumbi juu,
Muumba anaona.

Akifika neno la mwisho, sauti ya Digidigi inakatika. Nao huambiana, "Mwone anavyomwogopa Mungu."

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa sala, na elimu yangu ni ndogo, lakini hili nalijua maana nimelifanya. Palikuwa na jirani aliyekatazwa maji ya bomba letu kwa sababu kama hii. Nami nilikuwa kwenye foleni, na ndoo yangu, na tasbihi mkononi. Sikusema neno. Mungu anisamehe. Yule jirani sijui yuko wapi nimwombe radhi.

Funzo ni hili. Ibada ya kulazimishwa kwa maji si ibada. Usimnyime mwenzako maji kwa sababu haamini unachoamini. Ukiapa kumsemea, msemee angali hai. Na akiisha kufa usimtilie maneno ambayo hakuyasema, maana Muumba anaona kweli.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya jiwe. Ningekuwa na mwisho mwingine, ningewapa.